Mzigo wa transiti una kodi, ila haijalipwa

Juzi mama mmoja mwenye duka la viatu karibu na Soko la Majengo alinipigia simu. "Dada, kuna kontena la Bujumbura linapita hapa kesho, mwenyewe yuko tayari kuniuzia robo. Si ni transiti, halina kodi? Lishushwe tu usiku pale Kizota." Ni mteja wangu wa miaka mingi, mtu mwaminifu, na hakuona ubaya wowote. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dodoma. Hiyo kauli kwamba transiti, yaani mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine, haina kodi naisikia karibu kila wiki, na imeshanichosha, kwa sababu anayeumia nayo huwa ni mfanyabiashara mdogo.

Kodi ipo. Kontena la Burundi likishushwa bandarini Dar es Salaam, kodi zake zinakokotolewa, kisha malipo yanasimamishwa kwa sharti kwamba mzigo utoke nchini. Badala ya fedha taslimu, wakala anaweka dhamana, ile tunayoiita bondi, kutoka benki au kampuni ya bima. Bondi inabaki wazi mpaka Forodha wathibitishe kuwa mzigo umevuka mpaka, mathalani Kabanga. Usipovuka, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inamdai wakala na mdhamini wake, nao wanamgeukia mwenye mzigo.

Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi 10,000,000, na uko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni 2,500,000. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye milioni kumi, inapigwa kwenye 12,500,000, kwa hiyo ni 2,250,000. Jumla 4,750,000, kabla sijagusa tozo ya reli na nyinginezo. Anayekuuzia mzigo huo kwa bei ya chee anakuuzia na deni hilo ndani yake.

Halafu kuna jinai. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimgusi aliyeshusha peke yake. Inamgusa pia anayekutwa na bidhaa isiyolipiwa ushuru huku akijua, au akiwa na kila sababu ya kujua. Bidhaa zinaweza kutaifishwa, na lori lililozibeba pia. Gari la IT, yaani linalopita nchini kwenda nchi jirani, ni vilevile: ukilinunua njiani kwa sababu dereva amesema "namba tutabadilisha baadaye", huna gari la kusajili, una kesi.

Ukiutaka kweli mzigo huo, njia ipo. Mwenye mzigo, kupitia wakala wake, anaomba idhini ya Forodha kuubadilisha kutoka transiti kuwa wa matumizi ya ndani, tamko jipya linawasilishwa, kodi zinalipwa, na hapo ndipo sili inafunguliwa mbele ya ofisa. Huo utaratibu hauanzi na simu ya usiku. Nilimpigia mama yule hesabu yote, akaona bora aagize kontena lake kwa kushirikiana na wenzake wawili.

Wengine huniambia mzigo wa Kigali umeshalipiwa kodi. Umelipiwa Rwanda. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kulipia kodi za nchi unakokwenda mzigo ungali bandarini, fedha hiyo inakwenda Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Ukiuuza Dodoma, Tanzania bado inadai yake yote.

Wengine huuliza: "Nina bima ya mzigo, bondi ya nini tena?" Bima inakulipa wewe mzigo ukiungua au ukiibiwa. Bondi inailipa TRA mzigo usipotoka. Hazibadilishani hata siku moja.

Kuna wanaopunguza bei kwenye ankara wakidhani kwa transiti thamani haina kazi. Kiasi cha bondi kinatokana na thamani hiyohiyo, na nchi unakokwenda mzigo itaikagua ankara ileile.

Na wale wanaonunua bidhaa Kampala au Nairobi wakiamini ndani ya Jumuiya hakuna ushuru: msamaha wa ushuru ni wa bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili. Simu ya China iliyonunuliwa Nairobi bado ni simu ya China. Hata bidhaa iliyo na cheti inalipa VAT kama ni ya kutozwa VAT.

Madereva nao wana la kwao: lori likiharibika kati ya Gairo na Kibaigwa, wanahamishia mzigo kwenye lori la jirani ili wawahi. Usiruhusu. Piga simu Forodha kwanza, mzigo uhamishwe mbele ya ofisa na uwekewe sili upya. Sili ya kielektroniki inatuma taarifa ikifunguliwa, na maelezo yako utayatoa kwenye kituo cha ukaguzi Manyoni ukiwa umeshachelewa.

Mwisho wa safari ndipo wengi wanalegea. Lori kuvuka mpaka hakufungi bondi, uthibitisho wa kutoka ukiingia kwenye mfumo ndio unaifunga. Mimi simlipi mwenye lori sehemu ya mwisho ya nauli mpaka nione bondi imefungwa, na kila mteja namwambia aliandike hilo kwenye mkataba kabla lori halijatoka bandarini.