Mary Ainsworth na mtoto anayelia ukitoka: maswali na majibu

Huyu Mary Ainsworth ni nani?
Mwanasaikolojia wa watoto, kazaliwa Marekani 1913, kakulia Kanada, akasoma Toronto mpaka udaktari wa falsafa 1939. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaingia jeshi la Kanada akafika cheo cha meja. Baadaye London akafanya kazi na John Bowlby, yule daktari aliyekuwa anasema mtoto anamng'ang'ania mama sio kwa ajili ya maziwa tu.

Eti alifika mpaka Uganda?
Ndio, na wengi hawajui. Katikati ya miaka ya 1950 alizunguka vijiji vya Baganda karibu na Kampala, familia 26, anaingia nyumbani kwa watu anakaa anaangalia mama na mtoto wanavyoishi, anaongea na kina mama, hakuna maabara wala nini. Akaona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia vitu, akiogopa anarudi kwa mama, akitulia anaenda tena. Mimi naona kazi yake kubwa ilianzia pale, ya Marekani ndo inasifiwa zaidi tu.

Na lile jaribio la chumba?
Hilo lilikuwa Baltimore, mji wa Marekani. Mtoto wa mwaka mmoja hivi yuko na mama kwenye chumba chenye midoli, mgeni anaingia, mama anatoka kidogo, anarudi, yote kama dakika 20. Watu wanadhani alikuwa anapima kilio, lakini alichoangalia zaidi ni mama akirudi inakuwaje. Wapo wanaomkimbilia, wanabembelezwa, wanarudi kucheza. Wengine wanamkwepa kama hawajamwona, na wengine wanataka kubebwa huku wanamsukuma, hawatulii.

Wangu ana mwaka, nikitoka analia balaa. Nimemdekeza?
Hapana, umri huo ni kawaida kabisa. Mwaka 1972 Ainsworth na Silvia Bell waliandika kwamba wachanga waliokuwa wanashughulikiwa haraka wakilia, walikuja kulia kidogo baadaye (kuna wataalamu waliwapinga, ila hoja ya kwamba kumbembeleza mchanga kunamharibu ilipata pigo). Muage, usitoroke kimyakimya.

Naweza kumpima mwenyewe nyumbani?
Acha tu. Hata wataalamu wanabishana kuhusu jaribio hilo la chumba, maana Japani watoto wengi hawakuzoea kuachwa na mama, wakalia sana mule chumbani, sio kwamba wana tatizo. Ila kama mtoto akiumia au akiogopa hamtafuti mtu yeyote na habembelezeki na yeyote, tena siku zote, hapo mpeleke kliniki.