Nobu na kava la gia: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Gari likishakula miaka, ndani yake pa kwanza kuchoka ni pale mkono unapokaa kila siku: nobu ya gia, yaani kile kishikio cha juu, na lile kava linaloizunguka liva, ile fimbo ya gia. Kwa magari ya Mwanza hali ni mbaya zaidi. Tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, jua linapita kwenye kioo cha mbele kutwa nzima, na vumbi la mitaa ya Buhongwa na Igoma hujaa kwenye mikunjo ya kava hadi mikunjo yenyewe ikatike. Kubadilisha vitu hivi viwili ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe uani kwako. Tatizo ni maneno yanayozunguka kazi hii. Mengine yanawatisha watu bure, mengine yanawaharibia magari.

"Ukiifungua nobu unaharibu giaboksi"

Si kweli. Nobu ni kishikio tu, meno ya gia yako mbali nayo. Kwa hiyo hata kinyume chake si kweli: gia zikiwa ngumu kuingia, nobu mpya haitazilainisha. Hapo angalia kama klachi inaachia vizuri, oili ya giaboksi ikoje, na bushi za liva zimelika kiasi gani. Nobu nzito ya chuma inaweza kubadilisha unavyoisikia gia mkononi, basi. Na kwa jua letu, chuma kilichoachwa kwenye gari pale Kirumba saa saba mchana kitakuunguza kiganja.

"Nobu zote zinaingiliana"

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Liva ya manyuali huwa na thredi kichwani, yale meno ya kuzungushia kama ya boliti, na thredi ina vipimo viwili: unene wa liva na umbali kati ya jino moja na jingine. Toyota nyingi za manyuali ni milimita 12 kwa 1.25. Mazda na Mitsubishi nyingi ni milimita 10 kwa 1.25. Honda ni milimita 10 kwa 1.5. Ukiziweka liva ya Honda na ya Mazda pamoja, macho hayataona tofauti. Nobu ya moja utaanza kuifunga kwenye nyingine, itazunguka kidogo, kisha itakaza. Anayedhani imekaza kwa kutu ataongeza nguvu, na hapo thredi inakufa.

Kipimo chake ni rahisi, unahitaji rula tu. Safisha kichwa cha liva kwa kitambaa, weka rula pembeni ya thredi, hesabu nafasi nane kati ya jino na jino. Zikichukua milimita 10, una 1.25. Zikichukua milimita 12, una 1.5. Andika, halafu ndiyo uende duka la spea. Au nenda na nobu ya zamani, umwombe muuzaji boliti inayoingia humo kwa vidole. Nobu sahihi huingia kwa vidole raundi kadhaa bila kugoma. Ikigoma raundi ya kwanza, irudishe kabatini kwake.

Zile nobu zinazouzwa kwamba zinaingia gari lolote, nyingi hazina thredi kabisa. Zina kikombe cha plastiki ndani na skrubu ndogo tatu za pembeni zinazoibana liva. Zinashika siku za mwanzo, kisha zinaanza kucheza, na ncha za zile skrubu zinatafuna thredi ya liva yako. Mimi siziungi mkono hata kidogo. Ukishaiua thredi ya liva, hata nobu halisi ya gari lako haitakaa tena.

"Ikigoma kutoka, ikamate na plaizi"

Plaizi inakwaruza nobu na kupasua plastiki ya ndani, halafu kile kipande chenye thredi kinabaki kwenye liva kikizunguka. Kwanza shusha kava kidogo uangalie chini ya nobu kuna nini. Kukiwa na nati, ishike kwa spana, kisha zungusha nobu kwenda kushoto kwa mkono, ukiwa umeifunga kitambaa kikavu ili isiteleze. Pasipo nati, kazi ni hiyohiyo ya mkono na kitambaa.

Lakini si kila nobu huzungushwa. Kwenye Volkswagen nyingi nobu na kava ni kitu kimoja, kimebanwa kwa kibano chini ya nobu. Ukiizungusha kwa nguvu utaivunja tu. Magari mengine yana pete ya kuinua ndipo rivasi iingie. Pete hiyo lazima irudi kwenye nobu mpya, la sivyo utaingia karakana umeshindwa kurudi nyuma.

Kabla ya yote hayo: gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, injini imezimwa, jiwe chini ya tairi. Mji wetu ni wa miamba na miteremko, na hapa utakuwa unaichezea liva yenyewe inayoingiza na kutoa gia.

"Ya oto na ya manyuali ni kazi moja"

Hapana, na kosa hili ni la gharama. Kwenye Carina na Corolla za oto za miaka ya 1990, nobu ina kitufe kilichoandikwa O/D (ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa), na waya wake unapita ndani ya liva hadi kwenye soketi chini ya konsoli, lile boksi la plastiki kati ya viti. Nobu yenyewe haizungushwi, hushikwa na skrubu. Mtu akiizungusha kama ya manyuali, waya unajisokota na kukatika. Ukikatika tu, kitufe kinakufa. Nyaya mbili zikigusana, taa ya O/D OFF inabaki inawaka na gari linakataa gia yake ya juu. Mtu anakwenda Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi injini ikilalamika njia nzima na mafuta yakiisha, wakati giaboksi haina kosa lolote.

Angalia pia kile kitufe cha pembeni cha kutolea liva kwenye P, yaani nafasi ya kuegesha. Nyuma yake kuna springi ndogo inayoruka mara tu ukifungua. Fungua taratibu, mkono mwingine ukikinga, na upige picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Springi ikikaa vibaya, liva haitoki P.

"Kava ni pambo tu, hata likichanika gari linatembea"

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kava la juu, lile la ngozi, ni kweli kazi yake kubwa ni sura na kuzuia uchafu na vitu kudumbukia. Lakini ukilivua, kwenye magari mengi utakuta chini yake mpira mweusi. Huo mpira si pambo. Kwenye Hilux au Land Cruiser pikapu ya manyuali, liva inatoboa sakafu na kuzama moja kwa moja kwenye giaboksi. Mpira ndio unaoziba tundu hilo. Ukipasuka, vumbi na maji ya madimbwi ya masika hupanda, kelele na joto huingia, na ekzosi ikiwa inavuja chini, moshi wake nao una njia ya kuja kwa abiria. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua.

Kwa hiyo siku unapobadilisha kava la ngozi, pitisha vidole kuuzunguka mpira wote, hasa kwenye shingo inayoibana liva na kwenye mikunjo. Ukiona ufa, usiufunike kwa kava jipya ukaondoka. Nunua mpira. Na kama nobu yako inatoka kwa shida kiasi kwamba huwezi kuuvua mpira wa zamani, bora uharibu nobu kuliko kuacha tundu.

"Supaglu itaituliza"

Nobu inayocheza haitaki supaglu, maana siku ya kuitoa utaitoa na thredi. Kama kuna nati chini yake, funga nobu hadi michoro ya namba za gia isimame sawa, kisha pandisha nati ikaze dhidi yake. Kama hakuna nati, zungushia thredi ule utepe mweupe wa mafundi bomba kidogo, ufunge kwa mkono.

Kuhusu betri: kwa nobu ya kawaida ya manyuali huna haja ya kuitoa. Ila kama utafungua konsoli yote, zima swichi na usigonge nyundo, kwa sababu kwenye magari mengi kontroli ya eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) imefungwa hapo katikati kwenye sakafu.

"Kava la gari langu halipatikani, mpaka niagize"

Fundi wa kushona viti vya magari anakushonea. Mpelekee lile la zamani pamoja na fremu yake ya plastiki; atafumua mishono, atavitumia vipande kama ramani na kukata ngozi mpya. Mwambie aache urefu wa kutosha: kabla hajashona mkunjo wa mwisho, liva ipelekwe gia ya kwanza, ya tano na rivasi. Kava fupi huivuta liva kurudi kati, na klipu za fremu hung'oka. Shingo ya juu ifungwe kwa ndani na kibano cha plastiki cha kufungia waya, kisha ligeuzwe, fundo lijifiche chini ya nobu.