Programu inasema milisekunde 40, skrini inasema 50

Ukifanya majaribio ya kuona, ambapo mshiriki huonyeshwa picha kwenye skrini ya kompyuta, dhana hizi nne zitakupotosha.

Dhana: Ukiandika milisekunde 40, picha itakaa milisekunde 40.

Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Kila badiliko ni fremu moja, na nusu ya fremu haipo. Utapata fremu 2 (33.3) au fremu 3 (50). Ukiitaka 40 yenyewe, tumia skrini ya hezi 100 na uonyeshe fremu 4. Amri ya "subiri sekunde 0.04" ndiyo inayoponza wengi: programu ikichelewa kidogo tu, mpaka wa fremu ukapita, picha hukaa fremu nzima ya ziada. Hesabu fremu. PsychoPy na Psychtoolbox, programu za kuendeshea majaribio kama haya, zote zinaweza kusubiri mwanzo wa fremu na kukuonyesha zilizorukwa. Rekodi hiyo uihifadhi kwa kila jaribio.

Dhana: Muda uliorekodiwa na programu ndio muda mwanga ulipotoka.

Skrini ya LCD huchora mstari baada ya mstari, juu kwenda chini, hivyo kwenye hezi 60 ukingo wa chini huchelewa karibu fremu nzima. Bandika fotodiodi (kihisi kidogo cha mwanga) pembeni, chora kiboksi cheupe chini yake kila picha inapotokea, kisha linganisha na rekodi ya programu. Fotodiodi ikiwa juu na picha yako katikati, ongeza takriban milisekunde 8. Anayepima mawimbi ya ubongo hawezi kuzipuuza.

Dhana: Kijivu cha 128 ni nusu ya mwangaza wa nyeupe ya 255.

Hili ndilo kosa linaloharibu data kimyakimya. Gama ni mkunjo unaogeuza namba ya pikseli, 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), kuwa mwangaza. Kwa gama ya 2.2, 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwangaza wa juu. Nusu yenyewe iko karibu na 186. Sasa chora mistari ambayo namba za pikseli zake zinapanda na kushuka taratibu kati ya 0 na 255, uiweke juu ya kijivu cha 128. Wastani wa mwangaza wa mistari hiyo unazidi asilimia 35, nyuma yake ni 22. Mshiriki hahitaji kuona mistari hata kidogo: anaona doa linalong'aa, anabonyeza "nimeona", nawe unaandika kwamba ana macho makali.

Kurekebisha: washa skrini nusu saa kabla. Kwenye kompyuta, zima hali ya mwanga wa usiku na kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Pima viwango 17 hivi kuanzia 0 hadi 255 kwa kipima mwangaza, tengeneza jedwali la kugeuza mkunjo huo, kisha pima tena. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofichua jedwali ambalo mfumo wa kompyuta umelipuuza.

Hata baada ya hapo, biti 8 (ngazi 256 za mwangaza) hazishuki chini ya kontrasti, yaani tofauti ya mwangaza, ya asilimia 0.8 hivi kuzunguka kijivu cha kati, na jicho zuri huona chini ya hapo. Tumia biti 10, au changanya chengachenga za nasibu (mabadiliko madogo ya mwangaza yasiyo na mpangilio) kwenye pikseli.

Dhana: Ukubwa ni pikseli.

Jicho linajua nyuzi, yaani digrii za pembe. Kwa umbali wa sentimita 57, sentimita 1 ni nyuzi 1. Skrini yenye upana wa sentimita 53 na pikseli 1920 inakupa pikseli 36 kwa kila nyuzi. Mshiriki akiinama hadi sentimita 50, nyuzi 1 imekuwa 1.15. Weka kiegemeo cha kidevu, na upime picha kwa rula juu ya kioo, maana mfumo ukikuza kila kitu kwa asilimia 125, hesabu yako inaweza kuwa imeshaharibika.