Hukusaini? Watachimba tu

Ndugu zangu mliopata haki za madini Oklahoma kwa mirathi au kwa ndoa, nawaomba: msinipigie tena simu kuniambia, "Mimi sijasaini chochote, basi kampuni ya mafuta haichimbi." Watachimba. Na wewe utahesabiwa umechagua, hata kama bahasha ingali imefungwa juu ya friji.

Kwetu mafuta ni ya serikali, Kenya na Tanzania pia. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba huku kilicho chini ya ardhi ni mali yake binafsi, tena kinauzwa mbali na shamba la juu, anajiona ana kura ya turufu. Hana. Mafuta hayajui mpaka, na kisima cha jirani kinaweza kuyavuta ya kwako. Zamani kila mtu alichimba mbiombio ili amtangulie mwenzake, bei ikaporomoka, hadi Agosti 1931 Gavana William Murray akapeleka askari kufunga visima. Sheria ya kupanga visima ikapita 1935.

Sasa, maombi ambayo kampuni hupeleka serikalini ni ya aina mbili, na barua zake zinafanana kwa ukavu. Ya kwanza ni ya kupanga eneo la uchimbaji: Oklahoma Corporation Commission, yaani Tume ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi, inaamua kwamba tabaka fulani la mwamba lichimbwe kwa eneo la, tuseme, ekari 640, na wenye mrabaha wote ndani yake (yaani fungu la mapato ya kisima bila kuchangia gharama) wagawane kulingana na ekari zao, popote kisima kitakapokaa. Hiyo soma, weka kwenye faili. Jina lako kuwa kwenye orodha ya wanaopewa nafasi ya kuyajibu maombi si kushtakiwa.

Ya pili ni ya kuunganisha haki za wote walio ndani ya eneo, hata wasiokubali, ili kampuni ichimbe, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Kampuni inaiambia Tume: tumejaribu kwa nia njema kuelewana na wenye madini hawa, imeshindikana, tuunganishieni. Watu wanajiandaa kwa siku ya kikao kana kwamba ndiyo kiama. Kikao kisichopingwa huisha haraka sana. Tarehe yenye meno inakuja baadaye, amri ya Tume ikishatoka: mara nyingi una siku 20 za kuchagua, zikihesabiwa tangu tarehe ya amri yenyewe. Si tangu barua ikufikie. Si tangu shemeji yako akutumie picha yake kwa WhatsApp. Ukikaa kimya, amri inakuhesabu umechukua chaguo ililolitaja, kwa kawaida bonasi (fedha za mkupuo kwa kila ekari) pamoja na mrabaha mdogo, yaani moja ya nane.

Na machaguo yenyewe? Chukua ekari 10 katika eneo la 640. Sehemu yako ni 1/64. Kwa mrabaha wa moja ya nane unapata takriban 0.195% ya mapato ya kisima. Kwa robo, takriban 0.39%, ila huko bonasi hupungua au haipo kabisa. Au ushiriki gharama: kisima cha dola milioni 10 kinakudai dola 156,250, na kisima kikitoka kikavu, hizo zimekwenda. Tena mara nyingi uchaguzi wako haufungi kisima kimoja tu, unafunga na vitakavyofuata katika eneo lile kwa matabaka yaliyotajwa. Hapo ndipo watu wanapolia miaka mitano baadaye. Madini yenyewe hujayapoteza, lakini usiyatarajie karibuni.

Lipi bora? Ukimpata anayekujibu kwa uhakika, mwogope. Mimi sijui. Visima vya mlalo, vile vinavyoshuka kisha kulala ndani ya mwamba, hutoa kwa kishindo mwaka wa kwanza kisha hushuka vibaya, na tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya kupokelewa Cushing, humuhumu Oklahoma, yalifunga siku kwa bei iliyo chini ya sifuri. Aliyeikataa bonasi akingojea robo yake, sijui siku ile alilala vipi.

Kuna jambo jingine lisilonikaa vizuri. Kiwango cha bonasi hutokana na kile kilicholipwa hivi karibuni kwenye eneo hilo na maeneo manane yanayolizunguka. Anayesimama kutoa ushahidi huo ni mtu wa kazi yangu, ya kushughulikia mikataba ya haki za madini, aliyelipwa na kampuni. Mikataba ya wenzako kwa kawaida huwezi kuiona bei zake kwenye masjala ya kaunti. Hapo mara nyingi huandikwa muhtasari tu. Unaweza kupinga, ndiyo, lakini upinge ukiwa na mikataba ya majirani mkononi, maana hasira haipokelewi kama kielelezo. Waulize majirani. Watu wa Oklahoma wanaongea.

Na mirathi mkaifungue. Marehemu akibaki kwenye hati, notisi inatumwa kwake, na fedha zako zinaenda kukaa amana hadi utokee na vyeti.