Ukimaliza mkopo, bima ya nyumba bado inakuhusu

Kisumu hadi Nyando wengi huamini bima ya nyumba ni ya mwenye mkopo wa benki. Deni likiisha, achana nayo. Ni kweli sheria haikulazimishi. Lakini benki iliidai ili kulinda pesa zake, na deni likiisha, hasara yote ni yako.

Soma mkataba kabla ya mvua za masika. Bima ya moto ya kawaida hulipia moto na radi. Mafuriko na dhoruba sharti yaandikwe humo. Hata Florida kunakopiga vimbunga, bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko.

Kinachoumiza watu zaidi ni kiasi. Andikisha gharama ya kujenga upya, bila bei ya ploti. Nyumba ya shilingi milioni 4 ikiandikishwa milioni 2, hasara ya 600,000 hulipwa nusu tu, 300,000, kwa kuwa uliandikisha nusu ya thamani, kisha inakatwa sehemu unayobeba mwenyewe. Mtu huona ameibiwa, kumbe kwa kawaida kipengele cha kulipa kwa uwiano huo kimo mkatabani.

Piga picha za kuta, paa na vyombo mapema. Maji yakiingia, ijulishe kampuni mara moja, na usitupe godoro wala kabati lililolowa kabla mkadiria hasara hajaliona.