Marais 47, watu 45: maswali ya Marekani yanayogombanisha timu

Mimi natunga maswali ya chemsha bongo, na kabla ya hapo nimefundisha historia miaka mingi tu, kwahiyo swali litakaloleta ugomvi nalijua mapema. Hili hapa: mpaka leo ni watu wangapi wamewahi kuwa rais wa Marekani? Karibu kila timu inaandika 47 fasta na kalamu chini. Jibu ni 45. Grover Cleveland alikaa Ikulu 1885 mpaka 1889, akaangushwa na Benjamin Harrison, akarudi 1893, basi akahesabiwa mara mbili, wa 22 na wa 24. Trump naye hivyohivyo, wa 45 na wa 47. Wenzetu wanahesabu zamu, vichwa hawahesabu, na hapo ndo watu wanaanza kunikodolea macho.

Ila namba hazinipi raha kama maneno. Chukua hilo neno rais. Kwetu limetoka Kiarabu, asili yake kichwa, mkubwa wa watu. Wamarekani wao walichukua president, neno la mtu anayeongoza kikao, yani ukilitafsiri kwa haki linakaribia zaidi mwenyekiti. John Adams, makamu wa George Washington, lilimkera kweli mwaka 1789, akalalamika kwamba hata vikosi vya zimamoto na klabu za kriketi zina mtu wa cheo hicho. Kamati ya Seneti ikaja na jina refu lenye Mtukufu mwanzoni na Mlinzi wa Uhuru mwishoni, Baraza la Wawakilishi likagoma, ikabaki Bwana Rais basi, bwana kama bwana yeyote wa mtaani. Adams aliambulia jina la utani tu, Mtukufu Mviringo, maana jamaa alikuwa kibonge.

Anayenichekesha zaidi lakini ni John Tyler. Rais William Henry Harrison, ambaye Tyler alikuwa makamu wake, alifariki Aprili 1841, mwezi mmoja tu tangu aapishwe, na katiba haikusema wazi kama makamu anakuwa rais kamili au anashikilia kiti kwa muda. Tyler hakungoja wanasheria wamalize kubishana, aliapa, akahamia Ikulu, na barua zilizoandikwa "Kaimu Rais" akazirudisha bila hata kuzifungua (kiburi cha aina yake hicho). Wapinzani wakamwita Mtukufu Ajali. Ubishi wake ukageuka desturi na ukadumu miaka 126 hadi marekebisho ya 25 ya katiba, 1967, yalipouweka kwenye maandishi. Marekebisho hayohayo ndo yalimfungulia njia Gerald Ford: Rais Nixon alimteua makamu 1973 baada ya Spiro Agnew, aliyekuwa makamu, kujiuzulu, mwaka uliofuata Nixon mwenyewe akajiuzulu, Ford akawa rais bila kuchaguliwa kwa kura za nchi nzima, si kwa urais wala kwa umakamu.

Halafu kuna bata kilema, ndo wanavyomwita rais ambaye mrithi wake keshapatikana na yeye anasubiri kufungasha. Neno lilianza soko la hisa la London, likimsema mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake. Zamani kilema hicho kilikuwa kirefu, uchaguzi Novemba, kiapo tarehe 4 Machi, na mwaka 1860 kiliwagharimu: Abraham Lincoln keshashinda, James Buchanan bado yuko kitini anasema majimbo hayana haki ya kujitenga ila na yeye hana mamlaka ya kuyazuia, na kabla Lincoln hajaapa majimbo 7 ya kusini yakawa yameshatangaza kuondoka. Tarehe ya sasa, 20 Januari, ilianza kutumika 1937.

Swali langu la kufungia huwa hili: siku hizi rais anaweza kuzidisha miaka 8? Wote wanasema hapana, kwasababu baada ya Franklin Roosevelt kushinda mara 4 marekebisho ya 22 yaliweka kikomo 1951. Kumbe inawezekana. Makamu akirithi kiti kikiwa kimebakiza miaka 2 au pungufu, hiyo haihesabiwi, anaruhusiwa kuchaguliwa mara mbili zake, jumla hadi miaka 10. Lyndon Johnson, makamu aliyerithi kiti kwa namna hiyo, alikuwa na nafasi hiyo, Machi 1968 akasema hagombei. Hapa huwa naombwa nionyeshe katiba, na huwa ninayo kwenye simu.