Kiyoyozi kikikosa pumzi, usianze na gesi

Mwezi wa Machi hapa Malindi kaskazi hulegea, kusi nayo haijaingia, na hewa husimama kimya hata majani ya mnazi hayatikisiki. Huo ndio wakati simu yangu hailali. Machi moja niliitwa kwenye nyumba ya upande wa Casuarina, yenye mtambo mmoja wa kiyoyozi juu ya dari na mabomba ya hewa, ambayo sisi mafundi twayaita dakti, yanayokwenda kila chumba. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinipokea mlangoni.

"Mwanangu, hii AC yanguruma tu, pumzi haina. Imetiwa gesi mara mbili mwezi huu, na bado vyumba ni tanuri."

Niliinua mkono kwenye griili ya sebuleni, yaani kile kifuniko cha matundu hewa inapotokea. Hewa ilikuwa baridi ya kuuma vidole, lakini ilitoka kwa unyonge. Nikamwambia, "Mama, baridi ipo. Kinachokosekana ni upepo wa kuibeba."

Gesi na kompresa, ile pampu inayoizungusha, hutengeneza baridi; feni ya ndani huichukua ile baridi na kuisukuma vyumbani. Kwa kila tani moja ya nguvu ya mtambo, yaani BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, feni yafaa ipitishe takribani futi za ujazo 400 za hewa kila dakika. Mtambo wa Mama ni wa tani 5, kwa hiyo wahitaji futi 2,000 kwa dakika. Hewa ikipungua, koili, yaani yale mabomba membamba ya gesi baridi ambayo hewa hupita kati yake, hukosa joto la kunyonya, hivyo huzidi kupoa mpaka maji yaliyo juu yake yanaganda. Na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, maji hayakosekani. Barafu huziba nafasi kati ya mapezi ya koili, vile vibati vyembamba vilivyopangwa juu yake, hewa hupungua zaidi, na barafu nayo hukua. Mwisho mtambo unanguruma mchana kutwa nyuma ya ukuta wa barafu.

Sasa mtego wenyewe ni huu. Koili ikipoa kupita kiasi, presha ya gesi inayorudi kwenye kompresa hushuka. Kwa gesi ya R-410A, mtambo wenye afya husoma karibu PSI 120 (PSI ni kipimo cha presha) upande huo. Ikishuka hadi kama 100, koili imefika nyuzi sifuri. Fundi akifunga geji na kuona 90 tu, mkono wake waenda kwenye mtungi. Anatia gesi, sindano ya geji yapanda kidogo, analipwa, anaondoka. Geji haikumdanganya, ila presha ndogo ina sababu zaidi ya moja, na kukosa hewa ni mojawapo. Baadaye mtu akisafisha njia ya hewa, ile gesi ya ziada inabaki ndani, na katika hali mbaya hurudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke, si majimaji, na ikivunjika hiyo ni bei ya mtambo nusu. Jambo hili laniuma, kwa sababu nimeona watu wakiuza ng'ombe wa kulipia kosa ambalo lingeondolewa kwa ndoo ya maji na brashi laini.

Gesi haiishi kama petroli. Huzunguka humo humo miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu, na atakayeongeza bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache za baridi.

Kwa Mama nilianza na filta. Ilikuwa safi, imeoshwa juzi. Nikazima ubaridi nikaacha feni peke yake izunguke, tukaweka beseni chini, barafu ikayeyuka kwa muda wa saa tatu hivi. (Msichokonoe barafu kwa kisu. Mapezi ya koili ni laini kama karatasi, na bomba likitoboka gesi yote imekwenda.) Upande wa koili unaoonekana ukifungua kifuniko ulikuwa unang'aa. Wengi huishia hapo na kusema koili ni nzima. Lakini vumbi hukaa pale hewa inapoingilia, si pale inapotokea. Niliingiza kioo kidogo na tochi nyuma yake, nikaona blanketi la kijivu: vumbi, nyuzi za mazulia, unywele wa paka, vyote vimeshikana kwa unyevu kama ukindu uliosukwa. Filta ilikuwa safi kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko fremu yake. Hewa ilipita pembeni, kwenye uwazi wa kidole kimoja, mwaka baada ya mwaka.

Tuliosha koili asubuhi nzima. Gurudumu la feni nalo lilikuwa limejaa. Vijikono vyake vimepinda kama vijiko, na vikijaa vumbi haviteki hewa hata mota ikizunguka sawasawa. Kisha nikafanya lililo gumu kumweleza mteja aliyelipia gesi mara mbili: niliitoa yote, nikarudisha kwa mizani kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye bamba la mtambo.

Mwenye nyumba aweza kupima mwenyewe kabla ya kuita mtu. Chukua kipimajoto cha kawaida. Acha mtambo ufanye kazi dakika 15, upime hewa inayoingia kwenye griili kubwa ya kurudishia, ile inayovuta hewa ya nyumba kuirudisha mtamboni, halafu upime inayotoka kwenye griili ya karibu na mtambo. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi ni ya kawaida. Ikiwa tofauti ni 13 au zaidi na hewa ni kidogo, shida iko kwenye njia ya hewa. Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu lakini tofauti ni 4 au 5, hapo ndipo mazungumzo ya gesi au kompresa yaanze. Ukiona barafu tayari kwenye bomba nene, usipime kwanza. Iyeyushe, maana vipimo vya koili iliyoganda havina maana.

Kuna kisa kingine kilichonisumbua siku mbili nzima. Mota ya feni, ya umeme wa fezi tatu, ilikuwa imeungua ikapelekwa kusukwa upya. Iliporudishwa, feni ikazunguka, hewa ikatoka, lakini kidogo. Filta safi, koili safi, dakti nzima. Kumbe waya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi na feni ilikuwa inazunguka kinyume. Feni ya gurudumu haifanyi kama pangaboi. Ukiigeuza haivuti hewa kurudi nyuma. Huendelea kuitoa upande ule ule, ila sehemu ndogo tu ya kawaida. Nilibadilisha waya mbili, na pazia la sebuleni likapaa. Tangu siku hiyo natazama kwanza mshale uliochorwa kwenye kasha la feni.

Kwa mitambo ya fezi moja, mota ikizunguka kivivu shuku kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota kuzunguka. Lakini usiiguse wewe. Hushika umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Kama chumba kimoja tu ndicho kinachoteseka, mtambo hauna kosa. Panda darini asubuhi na mapema, kabla mabati hayajawaka. Huko panya hutafuna dakti laini, au kiungo huchomoka na baridi yako yote ikawa inapoza popo. Wakati mwingine fundi wa umeme amekanyaga dakti ikajikunja. Na mara nyingi sana, jibu liko chini: kabati la mvule limesogezwa mbele ya griili ya kurudishia, au mlango wa chumba umefungwa na chini yake pamezibwa mchanga usiingie. Hewa isiyo na njia ya kutoka haina nafasi ya kuingia. Fungua mlango ukiwa umeweka mkono kwenye griili. Pumzi ikiongezeka papo hapo, kata mlango chini sentimita 2, au weka tundu juu yake.

Usifunge griili za vyumba visivyo na wageni kwa nia ya kuokoa umeme. Ukifunga nyingi, koili hukosa hewa na safari ya barafu huanza upya.

Filta huku kwetu ioshwe kila wiki mbili msimu wa kaskazi, ikauke kivulini, na ikirudi ikae fremu nzima bila mwanya. Na ukinipigia simu, nitakuuliza mambo manne kabla sijapakia ngazi: hewa imepungua vyumba vyote au kimoja, ilipungua ghafla au polepole, kuna barafu au maji yanayodondoka, na je, kuna mtu ametia gesi hivi karibuni.